Mke Mwenzangu Ana Mkia

Wanawake wenzangu, leo nataka niwasimulie jinsi nilivyomwonea wivu mbwa. Ndiyo, mbwa! Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia Ngamiani. Kwetu mbwa ni mlinzi. Analala nje, anakula makombo, na ukikutana naye uchochoroni usiku unaokota jiwe kabla hujamsalimia mtu. Sasa mtu kama mimi unamleta Uingereza, unamwambia mbwa analala sebuleni, ana kitanda chake, ana daktari wake, na akijisaidia barabarani wewe mama mzima unainama na kimfuko unazoa. Jamani!

Lakini ndiyo hivyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu wote tumefungiwa ndani, binti yetu Neema alilia wee mpaka baba yake akalegea. Akaletwa kijibwa cheupe chenye mabaka ya kahawia, miguu mifupi, masikio kama bahasha. Neema akamwita Kashata, kwa ile rangi ya nazi na sukari iliyoungua. Mwaka 2022 Neema akaenda zake chuo kikuu, Kashata akabaki na sisi.

Hapo ndipo vituko vilipoanza.

Tunaishi Eastbourne, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu ni dereva. Kila Jumamosi, mvua au jua, Baba Neema alikuwa anamfunga Kashata kamba, anavaa koti, huyoo! Saa tano, wakati mwingine sita, hajarudi. Akirudi yuko kimya, anakula, analala. Mimi nikimwuliza kitu, jibu ni "mmh". Lakini nikiwa jikoni namsikia anamnong'oneza mbwa: "Leo umetembea, eh? Leo umechoka, mzee."

Nikajisemea, huyu ana nyumba ndogo, na mbwa ndiye kisingizio. Mwenzenu nikaanza upelelezi. Nikapekua simu, hamna kitu. Nikanusa koti lake kama askari wa forodha. Lilinuka mbwa tu.

Basi bwana, Februari 2024 akateguka kifundo cha mguu kazini. Jumamosi ikafika, tarehe 17, akaniangalia kwa macho ambayo sikuyaelewa. "Mama Neema, nakuomba. Mpeleke Kashata. Leo leo, usiseme kesho." Nikataka kugoma. Halafu nikawaza: si ndiyo nafasi yenyewe? Mbwa haongopi. Nitamfuata anakokwenda, tutaonana na huyo bibie.

Njia ya wake wenza

Tulipanda basi namba 12 mpaka Exceat. Mbwa aliingia, akajipenyeza chini ya kiti kama mtu mwenye tiketi ya mwezi. Tuliposhuka, sikuwa na haja ya kuuliza njia, Kashata ndiye alinivuta. Tukafuata mto Cuckmere, unaojipindapinda kama nyoka aliyeshiba, mpaka unapoingia baharini. Nikainua macho. Kha!

Mnisamehe, miaka yote naishi pale sikuwahi kufika. Ni majabali meupe pee, yamesimama juu ya bahari kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Wanayaita Seven Sisters, yaani madada saba, ingawa ukihesabu kwa makini utapata na wa nane, mdogo. Ile ni chaki yenyewe, iliyotokana na mabaki ya vijidudu vya baharini visivyoonekana kwa macho, vilivyorundikana chini ya maji mamilioni ya miaka. Mawimbi yanapoipiga, bahari ya pale chini inageuka rangi, inakuwa kama tui.

Halafu upepo. Wasichana wa Tanga tunaujua kusi na kaskazi, lakini huu ulikuwa mwingine. Unatoka kusini-magharibi, hauna adabu, unakuvua mtandio, unakuingia mdomoni ukitaka kusema. Masikio ya Kashata yalipinduka nje ndani. Majani yote ni mafupi, yametafunwa na kondoo, na vichaka vimeinamia upande mmoja kama wanawake wanaosengenya. Chaki iliyolowa inateleza kama sabuni. Nilipanda kilima cha kwanza, Haven Brow, mita 77, ndicho kirefu kuliko wenzake, huku naita majina ya malaika wote.

Tulipofika juu, Kashata akasimama. Akatoka njiani kidogo, mbali na ukingo, akakaa chini, akaelekea baharini. Nikavuta kamba, hakutikisika. Nikamwonyesha biskuti, akaiangalia, akarudisha macho baharini. Kama anasubiri mtu.

Nikatoa simu. Ikaniambia karibu Ufaransa! Mtandao ulikuwa umevuka bahari. Nikahangaika mpaka nikampata Baba Neema.

"Mbwa wako amegoma. Amekaa tu."

"Amekaa wapi?"

"Kilima cha kwanza, juu. Anaangalia bahari."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Hapo huwa tunakaa," akasema. "Hapo ndipo naongea na mama."

Mwili wote ukaniisha nguvu. Tarehe 17 Februari! Mama mkwe wangu alifariki tarehe hiyo, mwaka 2021, kule Muheza. Na mimi nilikuwa nimesahau.

Nilichomfanyia mume wangu

Acheni niwaambie ukweli wote, maana nusu yake haitamsaidia mtu. Ile 2021, Uingereza ilikuwa imezuia wasafiri kutoka Tanzania. Mkazi akienda, akirudi lazima afungiwe hotelini siku kumi kwa gharama yake, pauni 1,750 kwa mtu mmoja. Hapo hujaweka tiketi ya ndege, hujaweka mshahara utakaoupoteza. Baba Neema alisema anakwenda kumzika mama yake. Mimi ndiye niliyepiga hesabu kwenye karatasi, nikamwekea mezani. "Tutume hizo hela za mazishi, ndiyo msaada wa maana. Kwani ukienda atafufuka?"

Nilisema hivyo. Maneno yangu hayo, siyo ya mtu mwingine.

Hakubisha. Tulitazama mazishi kwenye WhatsApp, na jeneza linashushwa tu, picha ikaganda. Akaifunga simu, akaenda kuosha vyombo. Tangu siku ile akawa mtu wa "mmh", na mimi nikatafuta mwanamke wa kumsingizia badala ya kuitafuta ile karatasi yangu.

"Unamwambia nini mama?" nikamwuliza pale juu.

"Namwomba radhi."

Sikuwa na la kujibu. Nikasema, "Basi ongea naye. Nakushikia simu." Nikaweka sauti kubwa, nikaielekeza baharini, mkono umenyooka kama mwendawazimu. Alichosema sikukisikia, upepo uliyameza maneno yote, na hayakuwa yangu kuyasikia. Kashata alitulia tuli. Baadaye akanyanyuka, akajikung'uta, akashika njia. Wamezoea, imeisha.

Tulitembea mpaka nyumbani, kama kilomita 13. Tukapita Birling Gap, ambako mhudumu wa mgahawa alimwita Kashata kwa jina, akamletea maji, akaniuliza, "Yule bwana mchekeshaji yuko wapi leo?" Mchekeshaji! Mume wangu! Tukapita mnara wa Belle Tout, uliokuwa wa kuongozea meli. Mwaka 1999 waliusogeza mzimamzima mita 17 ndani ya nchi kavu, maana bahari ilikuwa inaula ukingo. Nikausimamia nikautazama. Kumbe hata jengo la mawe linasogezwa likiwa halijaanguka, ilimradi watu wakubali kwamba ufa upo.

Nilifika giza linaingia, miguu inawaka. Baba Neema alikuwa mlangoni, kasimama kwa mguu mmoja. Nikasema, "Baba Neema, ile hesabu nilikosea." Hakusema "mmh". Alilia, nami nikalia, Kashata akatulamba wote wawili, na safari hii sikukimbilia sabuni.

Desemba mwaka ule tulikwenda Muheza. Alikaa kaburini peke yake asubuhi nzima, nikamwacha. Siku hizi Jumamosi nisizo na zamu tunakwenda watatu. Tukifika kilima cha kwanza, mimi natangulia mbele kidogo, wao wanakaa.

Ukipata nafasi ya kupita njia ile: tokea upande wa Exceat ili upepo ukusukume mgongoni. Kaa mbali na ukingo, kwa sababu chaki humeguka bila kukupigia hodi, na usisogee chini ya majabali. Mbwa asitoke kwenye kamba, kuna kondoo, na akimkimbiza shakwe hatajua ardhi inaishia wapi. Vaa viatu vyenye meno.

Na wewe dada unayenusa koti la mumeo usiku huu: inawezekana yupo mwanamke, siwezi kukuapia. Ila kabla hujamtafuta, jiulize mara ya mwisho alipotaka kulia ulimjibu nini.