Wanasesere wa Viungo vya Mviringo: Wasiwasi Unaowazuia Wanaotaka Kuanza



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, kuna jambo tunaloulizwa kila mara na akina dada wanaokuja kushonesha nguo kwetu hapa Nyamirambo, Kigali. Wanamuuliza yule mwanasesere wa resini wanayemkuta kwenye meza ya cherehani. Wengine wanatamani kuwa na wa kwao, ila wanaogopa. Hofu zao tunazifahamu, kwani nasi tulikuwa nazo, sisi dada watatu pamoja na mama yetu, na ilituchukua karibu miaka miwili kuzimaliza. Tumeona tuziandike moja baada ya nyingine, huenda zikamfaa mtu.

Kwanza tuelezane ni kitu gani. Hawa si wanasesere wa plastiki tunaowaona sokoni. Wanatengenezwa kwa resini, ambayo ni ngumu na nzito. Kila kiungo, kuanzia shingo, bega na kiwiko mpaka nyonga na goti, kina umbo la mviringo kama gololi, linalokaa ndani ya kishimo chake. Mwili una uwazi ndani, na humo inapita lastiki iliyokazwa kutoka kichwani hadi miguuni, ikishikwa na ndoano za chuma. Ndiyo maana anaweza kukaa, kusimama na kukunja mkono akabaki hivyo hivyo. Macho na wigi hubadilishwa. Kampuni ya Volks ya Japani ilianza kuwauza kwa jina la Super Dollfie mwaka 1999, kisha watengenezaji wa Korea Kusini wakafuata. Wakubwa wana urefu wa kama sm 60, wa kati kama sm 40, na wadogo chini ya sm 30.

Wasiwasi wa kwanza: Je, dini inaruhusu?

Huu ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Mama alituambia kwa upole, "Wanangu, mnataka malaika waikimbie nyumba yetu?" Alikuwa anazikumbuka Hadithi sahihi kuhusu nyumba zenye taswira, na hatukuwa na haki ya kumpuuza. Tukaenda naye kwa ustadhi wetu wa madrasa. Hatukwenda kutafuta jibu la kuturidhisha.

Ustadhi alitueleza kwamba imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Bi 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) alikuwa na wanasesere akiwachezea nyumbani kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), na rafiki zake wakija kucheza naye. Katika Abu Daawuud imetajwa habari ya farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa za kitambaa, na Mtume alipomsikia akimweleza, alicheka. Pia Maswahaba waliwatengenezea watoto wao vichezeo vya sufi siku ya funga ya 'Aashuuraa. Kwa hiyo wanazuoni wengi wameruhusu wanasesere wa watoto kuchezea. Lakini wapo waliosema ruhusa hiyo ilifutwa, na wapo wa zama zetu wanaoona kuwa wanasesere wa leo, kwa jinsi wanavyofanana na binaadamu, hawawezi kulinganishwa na wale wa matambara. Tena, akasema, ruhusa inamhusu mtoto anayecheza. Mtu mzima anayempanga kabatini kuwa pambo ni suala jingine.

Maneno hayo ya mwisho yalitugusa, maana sisi si watoto. Hata hivyo dada yetu mkubwa alikuwa na haja yake. Yeye ni fundi cherehani, na alitaka umbo la kujaribia mitindo bila kukata mita tatu za kitambaa kwa jambo ambalo hajui kama litatoka. Hapo ndipo tulipojua kuwa wanasesere hawa huweza kununuliwa wakiwa na uso mtupu, usio na rangi wala macho, na kwamba kichwa chenyewe hutoka ukiachia ndoano. Ustadhi akatukumbusha kuwa wanazuoni wameeleza kuwa taswira ikiondolewa kichwa hukumu yake si ile ile. Basi tukaondoa kichwa tukakiweka kwenye boksi lake, uso ukiwa mtupu kama ulivyokuja, na ndoano tukaizuia shingoni kwa kijiti kigumu. Mama akaridhia kwa sharti kwamba kiwiliwili kisikae sebuleni wala chumba tunachoswalia. Tukakubali.

Anayeona kauli ya kukataza ndiyo yenye nguvu, basi aache kwa moyo mkunjufu. Hakuna atakachopungukiwa.

Wasiwasi wa pili: Je, si israfu?

Bei inatisha kweli. Mkubwa hupita dola 500 mara nyingi, kabla hujanunua wigi, macho wala nguo. Hata mdogo huweza kufika dola 200 au 300. Nyumba yenye wanafunzi wawili haiwezi kulichukulia jambo hili kimzaha. Sisi tuliweka utaratibu: kwanza chakula na kodi ya nyumba, kisha ada za shule, kisha haki za watu na sadaka. Kilichobaki, hata kikiwa kidogo, ndicho kilichoingia kwenye kopo. Hatukukopa. Kuna miezi kopo halikupata kitu kabisa, na hatukusononeka.

Watengenezaji wengi hukubali malipo ya awamu, na kwa kuwa wengi hutengeneza baada ya kupata oda, utasubiri miezi kadhaa. Subira hiyo ina faida, kwa sababu tamaa ya haraka hupoa na utajua kama unakitaka kitu kweli. Kabla ya kulipa, uliza gharama za kusafirisha na ushuru wa forodha, usije ukashtukia mzigo umefika na huna cha kuutolea.

Utakutana pia na nakala za bei nafuu, ambazo mtu amenunua mwanasesere halisi, akamtolea ukungu na kumnakili bila idhini ya aliyemchonga. Hizo tujiepushe nazo. Ni jasho la mtu.

Wasiwasi wa tatu: Nikimharibu je?

Resini haiogopeshi kama watu wanavyodhani. Jua huifanya iwe ya njano pole pole, kwa hiyo asiwekwe dirishani. Lastiki hulegea baada ya miaka, nayo hubadilishwa nyumbani. Vidole ndivyo dhaifu zaidi, akianguka sakafuni huweza kuvunjika, lakini huungwa kwa gundi. Kwa wale wanaompaka rangi usoni, rangi ikikosewa hufutwa na kuanza upya.

Jambo la kuhadhari ni vumbi. Ukisugua resini kwa msasa, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Lowesha msasa kwa maji, vaa barakoa, na watoto wakae mbali. Na tukumbuke kuwa vitu hivi si vya watoto wadogo, kwani vina vipande vidogo vinavyoweza kumezwa.

Wasiwasi wa nne: Haya

Wengi wao huuzwa bila nguo, na baadhi wana maumbile ya mtu mzima yaliyochongwa waziwazi. Soma maelezo kabla ya kuagiza, na boksi lisifunguliwe mbele ya kaka na shemeji. Kazi ya kwanza ya dada yetu ilikuwa kumshonea gauni refu, na hajawahi kuachwa bila vazi mezani.

Wasiwasi wa tano: Watu watasemaje?

Watasema. Jirani mmoja alisema tumeleta jini ndani ya nyumba. Tulimkaribisha chai, tukafungua kiungo cha goti, tukamwonyesha lastiki na ndoano. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na juma lililofuata akamleta binti yake ajifunze kushona. Wengine husema wanawake wazima hawana kazi ya kufanya. Hao hatuwajibu. Vipande vya kitenge tulivyokuwa tukivitupa sasa vinatoa gauni na joho, mteja huona mtindo kabla hajanunua kitambaa, na jioni mama, aliyekuwa wa kwanza kuogopa, ndiye anayekaa kutia vifungo.

Nasaha yetu kwa anayetaka kuanza ni hii: mwulize mwanazuoni unayemwamini, zungumza na mzazi au mwenzi wako kabla ya kutoa hata faranga moja, jua unamtaka kwa kazi gani, kisha hesabu mfuko wako. Moja likikwama, subiri. Na kama mwanao anataka tu kitu cha kucheza, mshonee wa kitambaa na sufi leo hii, atafurahi kuliko unavyodhani.

Tunamwomba Allaah atujaalie mapenzi yetu yasitutoe katika radhi Zake, wala mikono yetu isikose kazi ya halali. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.