Mibuni ya Ruiru na Ardhi Iliyogeuka Ploti

Katika Kaunti ya Kiambu, inayopakana na jiji la Nairobi, ardhi hutajwa kwa maneno mawili ambayo mgeni anaweza kuyadhania kuwa na maana moja. Shamba ni ardhi inayolimwa, nayo hupimwa kwa ekari; ploti ni kipande kilichokatwa kutoka katika shamba ili kijengwe nyumba, na kipimo chake kilichozoeleka ni futi 50 kwa 100, yaani karibu sehemu moja ya nane ya ekari. Kizazi kilichozaliwa miaka ya mwanzo ya uhuru kilijifunza neno la kwanza nyumbani na kulisoma la pili, ukubwani, kwenye mabango ya barabarani. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyekulia pembezoni mwa mashamba makubwa ya Ruiru, ni wa kizazi hicho.

Miaka ya 1970, msafiri wa kutoka Nairobi kwenda Thika alipita katikati ya mibuni kwa sehemu kubwa ya njia. Mashamba makubwa yaliyoanzishwa na walowezi yalitanda juu ya udongo mwekundu, na huko kwenye migongo ya vilima wakulima wadogo, waliofunguliwa mlango wa kilimo hicho na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, walikuwa na mibuni yao mia mbili au tatu nyuma ya nyumba. Jalidi, yaani umande ulioganda, ilipoiunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda duniani kote, na fedha zilizofuata zilijenga nyumba za mawe na kulipa karo. Desemba, shule zilipofungwa, watoto walichuma pamoja na mama zao na kulipwa kwa debe, na ole wake aliyechanganya matunda mabichi na mekundu, kwa maana debe lake lilimwagwa chini achambue upya. Harufu ya maganda yaliyochacha kando ya kiwanda cha kumenyea kahawa, ambacho kilijengwa karibu na mto kwa kuwa kazi hiyo hutaka maji mengi, ilifahamika hata kwa asiyemiliki mbuni mmoja.

Ni kosa, ingawa limezoeleka, kusimulia kupotea kwa mashamba hayo kana kwamba jiji lilivamia ardhi iliyokuwa na afya. Julai 1989 ulivunjika mfumo wa kimataifa wa mgao, ambao uliipangia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza nje na hivyo kuizuia bei isianguke, bei ikaanguka. Malipo ya mkulima yalichelewa na kukatwa madeni ambayo wengi hawakuelewa yalitoka wapi. Kwa kuwa sheria ya kahawa ya wakati huo haikuruhusu mibuni kung'olewa bila idhini, wengi waliiacha ikae bila kupogolewa wala kupuliziwa dawa, huku migomba na mahindi yakipenyezwa kati ya mistari. Hapo hapo watoto walikuwa wamekua. Ardhi ambayo zamani Wakikuyu waliiita githaka, yaani milki ya ukoo mzima, ilikuwa imesajiliwa kwa majina ya watu binafsi tangu miaka ya 1950, na baba mwenye ekari nne na wana wanne hakuhitaji mwalimu wa hesabu. Mnunuzi wa ploti alipobisha hodi, alilikuta shamba ambalo mwenyewe hakulitegemea tena.

Sheria ya kuzuia hayo ilikuwapo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 iliunda bodi za udhibiti wa ardhi ambazo bila kibali chake ardhi ya kilimo haiwezi kuuzwa wala kugawanywa, na kifungu chake cha 9 kinaiagiza bodi ikatae mgawanyo unaoelekea kupunguza uzalishaji wa ardhi husika. Ni vigumu kufikiri mgawanyo wa futi 50 kwa 100 usiopunguza uzalishaji. Hata hivyo, vibali vilitoka. Aidha, sheria hiyo haikuihesabu ardhi iliyo ndani ya mipaka ya manispaa kuwa ya kilimo, isipokuwa waziri atangaze hivyo katika Gazeti Rasmi, kwa hiyo mpaka wa mji uliposogezwa, shamba lenye mibuni inayochanua liliacha kuwa shamba mbele ya sheria bila jembe wala tingatinga kuligusa.

Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa takribani kilomita 50, ilipofunguliwa mwaka 2012, ilikamilisha jambo lililokwisha kuanza. Mji mpya wa Tatu City unajengwa juu ya ekari zipatazo 5,000 zilizokuwa za kahawa. Watu wa Kiambu, waliokuwa 1,623,282 katika sensa ya mwaka 2009, walifika 2,417,735 mwaka 2019.

Msitu wa Karura, ulioko upande wa Nairobi, ulinusurika kukatwa ploti kwa sababu ulikuwa mali ya umma, na mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake, waliopigwa humo Januari 1999 walipokwenda kupanda miti, waliweza kudai kwa niaba ya wote kisichokuwa cha yeyote. Shamba la mtu binafsi halina mtetezi wa namna hiyo. Huko Montgomery, kaunti ya jimbo la Maryland nchini Marekani inayopakana na jiji la Washington, mpango wa mwaka 1980 uliitenga haki ya kujenga na haki ya kumiliki, hivi kwamba mkulima huiuza ile ya kwanza kwa mjenzi wa mahali pengine, akalipwa, na kuendelea kulima. Kiambu mkulima hulipwa anapoondoka tu.

Githunguri bado kuna ng'ombe wa maziwa, na Gatundu bado kuna chai. Wajumbe wa bodi wanaoletewa ramani za mgawanyo kutoka huko wanaombwa, kabla ya kutia sahihi, wakisome kifungu cha 9 hadi mwisho.