Deni la Baba Mdogo

Tumeombwa tuandike juu ya maisha ya familia, na sisi tumechagua jambo ambalo watu wengi wanalificha kwa haya: kudaiwa deni ambalo hukulikopa. Tunasema "sisi" kwa sababu jambo hili halikumpata mtu mmoja. Liliingia nyumba nzima, mama yetu mjane na sisi watoto wake watatu. Mama amesomewa habari hii kabla hatujaitoa, akasema, "Iende. Labda itasaidia mwingine."

Baba yetu mdogo aliishi karibu nasi hapa Nakivale. Faili yake ya kwenda Marekani ilikuwa imefika mbali: mahojiano yameisha, vipimo vya hospitali vimeisha, tarehe ya ndege imetajwa, mwezi wa pili 2025. Mwisho wa Desemba 2024 akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale ambao kwetu Kongo tunawaita banki lamberi, akachukua shilingi 400,000. Alinunua valisi mbili, viatu na makoti ya watoto, akafanya chakula cha kuagana. Riba ilikuwa asilimia 20 kila mwezi. Yeye aliona ni kitu kidogo. Eti akifika kule, mshahara wa kwanza unamaliza kila kitu.

Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi. Ndege ya baba mdogo ikafutwa, kama zilivyofutwa za wengine wengi. Valisi zilibaki zimefungwa pembeni mwa kitanda. Mwezi wa nne akaaga kwamba anaenda Kampala kutafuta kazi ya ujenzi. Baada ya wiki mbili simu yake haikupatikana tena.

Hapo ndipo mkopeshaji alipogeukia mlango wetu.

Mara ya kwanza alikuja kwa adabu. Alikaa, akanywa chai, akamwambia mama, "Shemeji, mtu wenu amekimbia na makuta yangu." Mara ya pili alikuja na vijana wawili saa kumi na moja alfajiri, wakagonga mpaka majirani wakatoka. Mara ya tatu walikuja masomoni. Tulikuwa tumesimama mbele ya watoto zaidi ya 100, chaki mkononi, kijana mmoja akaita dirishani kwa sauti: "Mwalimu, ukoo wenu ni wa wezi! Lipeni!" Watoto wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Na mtoto wa yule mkopeshaji alikuwa pale, benchi la tatu. Hakucheka. Alifuta daftari lake na ufutio mahali ambapo hapakuwa na kosa.

Tuliogopa, jamani. Tusidanganye. Tulilipa 50,000 mwisho wa Aprili, 50,000 Mei, na 50,000 Juni. Hizo zilitoka kwenye kaposho ketu ka kufundisha na kwenye mahindi ya mama, katika mwaka ule ule ambao chakula cha msaada kilikatwa kwa familia nyingi za Uganda. Mdogo wetu wa mwisho alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Na mwezi wa sita yule bwana akataka tumwachie kadi ya familia, eti ikae kwake kama rehani mpaka deni liishe. Mama akampa. Usiku ule hakuna aliyelala. Bila ile kadi sisi ni nani hapa?

Kilichotuamsha ni somo la asilimia. Siku moja tuliandika hesabu ubaoni bila kutaja jina la mtu: mtu amekopa 400,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, riba isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Miezi mitatu halipi kitu. Halafu miezi mitatu mingine analipa 50,000 kila mwezi. Amebakiza ngapi? Watoto walikokotoa. Mwisho wa Machi: 691,200. Mwisho wa Juni, baada ya kulipa 150,000: zaidi ya 1,012,000. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu mtu atamaliza lini?"

Hatukuwa na jibu. Riba ya mwezi mmoja ilikuwa imeshapita mara nne kile tulichokuwa tunatoa. Tulikuwa tunafundisha hesabu kwa watoto wa wengine, na nyumbani kwetu tulikuwa hatujawahi kuikaa chini.

Jioni tulimwambia mama. Yeye alinyamaza muda mrefu, kisha akatoa neno lililokuwa linamuumiza: "Siku ile anapewa zile pesa, mimi nilikuwepo. Nilimwambia yule bwana, huyu ni mtoto wetu, hatapotea. Nilisema kwa mdomo wangu." Kumbe ndiyo sababu alikuwa analipa bila kubisha.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa RWC wa kijiji chetu. Yeye akaita kikao: mkopeshaji, sisi, wazee wawili, mama mmoja wa kamati ya wanawake, na mwenyekiti wa LC1. Mwenyekiti aliuliza swali moja ambalo sisi hatukuwahi kuliuliza: "Karatasi iko wapi, na nani ameweka sahihi?" Karatasi ikatolewa. Sahihi ya baba mdogo ilikuwepo, na ya shahidi mmoja rafiki yake. Jina la mama halikuwepo. Jina letu halikuwepo.

Mkopeshaji akasema, "Lakini mama alisema!" Mama angeweza kukana. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Akasimama akasema, "Ni kweli nilisema." Sisi tulifunga macho, tukajua tumekwisha. Lakini mama wa kamati akauliza, "Ulisema utalipa?" Mama akajibu, "Hapana. Nilisema hatapotea." Yule mama akamgeukia mkopeshaji: "Basi, papa, kumsifu ndugu yako siyo kumdhamini. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sawa. Lakini dawa anakunywa mgonjwa, siyo jirani yake."

Mwenyekiti wa LC akaongeza ya serikali. Alisema sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu wakopeshaji, pamoja na kanuni zake, inataka mkopeshaji awe na leseni, na inakataza kushika kitambulisho cha mtu au kadi yake ya benki kama rehani. Akamuuliza yule bwana leseni yake. Alitazama chini. Kadi yetu ilirudi siku ile ile, imekunjwa ndani ya kitambaa.

Hatutaki mumchukie yule mtu. Yeye pia ni mkimbizi. Zile 400,000 zilitokana na mbuzi aliouza, na yeye pia ana watoto wanaolala njaa. Kikao kiliamua hivi: riba isimame, deni libaki pesa halisi alizotoa. Zile 150,000 tulizolipa zihesabiwe. Zinabaki 250,000, na za kulipa ni baba mdogo, siyo mama. Vijana wasirudi mlangoni wala masomoni. Ikiandikwa, kila mmoja akaweka sahihi.

Ndugu wasomaji, haya ndiyo tuliyojifunza:

Kwanza, omba kuona karatasi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kama hukukopa na hukudhamini, udugu peke yake haukufanyi kuwa mdaiwa. Hata mtu akifa, deni lake linatafutwa katika mali aliyoiacha, halitafutwi katika sufuria ya mjane wala ya yatima.

Pili, ukilipa kwa woga, mdai anakuona umekubali. Ukitaka kumsaidia ndugu yako kwa hiari, ni vizuri, lakini iandikwe kuwa ni msaada, na upewe risiti.

Tatu, kadi ya familia haiwekwi rehani. Kamwe.

Nne, andika: tarehe, saa, nani alikuja, alisema nini, nani alisikia. Daftari letu la kurasa mbili lilizungumza kuliko machozi yetu.

Tano, usiende peke yako na usingoje upigwe. Anza na RWC. Wakitishia kuumiza mtu au wakichukua vitu kwa nguvu, hiyo siyo deni tena, ni kosa la polisi.

Sita, ukimpeleka ndugu yako kukopa, chunga mdomo wako. Na wewe unayekopa, fanya hesabu ya riba nyumbani kwanza. Ukishindwa kuifanya, leteni kwetu baada ya masomo. Hatutozi.

Mwezi wa tisa simu ililia, namba tusiyoijua. Ilikuwa baba mdogo. Alikuwa analala kwenye nyumba anayojenga, alikuwa ameuza simu yake, na haya zilimzuia kuazima nyingine. Mama hakumgombeza. Alimuuliza kama anakula. Halafu akamwambia kiasi kilichobaki, na kwa nani, na kwamba kila akituma, mwenyekiti ataandika. Wiki ile alituma 40,000. Mkopeshaji alisaini kuzipokea mbele yetu. Bado 210,000.

Valisi zake mbili ziko kwetu sasa. Moja tumeweka vitabu vya P6. Mtoto wa benchi la tatu ndiye anayetusaidia kuibeba mpaka darasani kila asubuhi.



Ni sisi, mwalimu wenu wa kujitolea, pamoja na nyumba yetu.