Utelezi wa Kalundu

Wiki iliyopita kwenye podikasti tuliulizana swali moja: nyumbani kwenu kuna kitu gani chenye harufu ya kule wazazi walikotoka? Wenzangu wakataja mawese, wakataja ndakala, mmoja akataja sanduku la nguo la mama yake. Mimi nikacheka, nikapisha swali. Ukweli ni kwamba jibu ninalo, ila ni refu, na nilijua nikilianza pale sauti itanikatika. Basi naliandika.

Harufu ya kwetu inatoka kwenye kipande cha wavu wa plastiki chenye upana wa sentimita 20. Kinaning'inia juu ya tangi la samaki sebuleni kwetu, Turffontein, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Nimekitengeneza mwenyewe.

Tuanze na samaki. Mwaka 2022 niliona dukani samaki wadogo weusi wenye mshipi wa rangi ya chungwa. Kibandiko kilisema Tropheus, chini yake Bemba, chini yake Congo. Bemba ni mahali kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, upande wetu. Papa ni mtu wa Uvira. Nikanunua kumi na wawili kwa mpigo, maana hawa ukiwaweka wachache wanaoneana mpaka wanauana.

Papa akawatazama. "Hawa? Hawa ni samaki wa mawe. Kwetu hata paka hawataki." Lakini kuanzia jioni ile kiti chake kikahama kutoka mbele ya televisheni.

Shida ikaja na ugali. Kila nikirudi kazini nakuta tonge linaelea. "Mama, walikuwa na njaa," anasema. (Papa huniita mama tangu nikiwa mdogo.) Nikamweleza kwamba Tropheus wana utumbo mrefu, kazi yao kutwa ni kukwangua ule utelezi wa kijani kwenye mawe, ule vitabuni unaoitwa mwani. Ukiwapa vyakula vizito tumbo linavimba, wanakufa. Akanitazama. "Mtoto wa Joburg unifundishe samaki wa ziwa letu?" Nikanyamaza. Ungenyamaza na wewe.

Ugali ulioachwa unaoza, unatoa amonia, bakteria wanaigeuza mwishowe kuwa nitrati. Nilipopima nikakuta nitrati miligramu 80 kwa lita. Nilitaka isizidi 20. Dawa ya kawaida ni kubadilisha maji, ila huo ulikuwa mwaka 2023. Mnakumbuka. Umeme wa mgao kila siku, na kwetu bomba lilikuwa linakauka bila taarifa. Tunapanga ndoo jikoni za kunywa na kupikia, halafu mimi nimwage lita 60 kwa ajili ya samaki? Mama angenifukuza mimi na tangi langu.

Ndipo nikasoma habari za Walter Adey, mwanasayansi wa Smithsonian kule Marekani, aliyepewa hataza ya wazo hili mwaka 1982. Yeye alikuwa amechunguza miamba ya matumbawe, akaona kwamba zulia fupi la mwani ndilo linalofanya kazi kubwa ya kunyonya uchafu majini. Kwa Kiingereza zulia hilo linaitwa turf, neno lilelile lililo kwenye jina la mtaa wetu. Nikachukulia kama ishara.

Wazo lenyewe ni rahisi. Mwani unakula nitrati na fosfati. Ukiupa mahali pazuri kuliko pote, yaani maji yanayotiririka, mwanga mkali na sehemu ya kushika, utaota hapo. Kisha unauvuna, na ule uchafu unatoka nao. Usipovuna, wa chini unakosa mwanga, unakufa, na kila kitu kinarudi majini.

Fundi bomba Mmalawi anayepanga chumba cha nyuma alinipa kipande cha bomba la plastiki. Nikakipasua mfereji wa milimita tatu, urefu sentimita 20, nikachomeka humo wavu mgumu wa plastiki, ule wa kudarizia. Kwanza niliukwaruza pande zote kwa msumeno wa chuma mpaka ukawa kama grata, maana mwani hauwezi kushika kitu laini. Pampu nilichagua ya lita 1,200 kwa saa. Kanuni ya wafugaji ni kama lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, na pampu ikipandisha maji inapoteza nguvu kidogo. Taa nyekundu za LED mbili, moja kila upande, saa tisa kwa siku mwanzoni. Yote nikayaweka ndani ya beseni la plastiki lililotobolewa chini, maji yarudi tangini. Jaribio la kwanza lililowesha zulia la Mama. Hilo tusilizungumzie.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili ukaja ute wa kahawia, kama chai iliyomwagika. Umeme ukikatika wavu unaanza kukauka, kwa hiyo nilimwomba Papa aufunike kwa taulo bichi mpaka umeme urudi. Alifanya kila mara. Hakusema neno, ila sikuwahi kukuta wavu umekauka.

Wiki ya tano ukawa kijani, wenye nywele. Jumapili nikauchomoa, nikaupeleka kwenye sinki, nikaanza kukwangua kwa kadi ya zamani ya benki. Harufu ikajaa jiko zima. Si uvundo. Ni kama mvua juu ya jiwe, na samaki kwa mbali.

Papa akaingia, akasimama mlangoni.

"Hii ni Kalundu," akasema.

Kalundu ni bandari ya Uvira. Papa hakuwahi kunisimulia Kalundu. Nilichojua ni mstari mmoja tu: Oktoba 1996 vita vikafika, wakavuka ziwa mpaka Kigoma. Ukiuliza zaidi anaongeza sauti ya televisheni.

Akaketi juu ya ndoo. Akasema alikuwa na mdogo wake, akioga kwenye mawe pale, akiteleza kwenye utelezi huohuo kwa makusudi, anaanguka majini, anapanda tena anacheka. Usiku wa kuondoka mtumbwi ulijaa. Mdogo wake akasema tangulieni, nakuja na wa pili. Papa akalitaja jina lake.

Ni jina langu la pili. La kiume. Shuleni walinicheka kwa sababu ya jina hilo, na nilipouliza nyumbani nikaambiwa tu, ni jina la ukoo.

"Mtumbwi wa pili?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka. Ningepaswa kuyafunga, siku zile kila tone lilikuwa hesabu, lakini sikuyafunga.

Baada ya miezi mitatu nitrati ilishuka hadi 15. Samaki wote kumi na wawili wapo. Ugali umekwisha: Papa sasa anachukua utelezi kidogo kutoka kwenye sinki, anautumbukiza tangini, na wanaugombania. Unaobaki anauzika kwenye lengalenga zake uani.

Kila Jumapili anauliza, "Mama, leo hatukwangui?" Mara nyingi tunakwangua bila kusema kitu. Siku nyingine anaongeza kipande kidogo: mdogo wake alipenda nini, alikuwa na sauti gani. Mimi simhimizi. Nakwangua polepole, na upande wa mwisho namwachia yeye.