Tarumbeta Mbele ya Nzumari

Miaka ya sabini, sisi wa Msambweni tulilijua tarumbeta redioni kabla ya kulitia machoni. Jioni kwenye kibanda cha chai tulitafuta stesheni ya Dar es Salaam, na bendi ya Nuta Jazz ikianza, hata wacheza bao walinyamaza. Mimi nilimsubiri mpiga tarumbeta wao, Joseph Lusungu, apulize.

Nililiona kwenye harusi. Bendi ilitoka Mombasa kwa lori. Wenyeji wakaleta ngoma yao ya sengenya, chapuo na upatu, na mzee wa nzumari. Tarumbeta lile lilikuwa limebonyea ubavuni. Kila baada ya nyimbo mbili tatu mpulizaji alifungua kitundu akakung'uta maji, watoto wakacheka wakidhani ni mate matupu. Zamu ya mzee ilipofika, aliulowesha kwanza ulimi wa nzumari mdomoni, akabana midomo kwenye kisahani, mashavu yakafura. Alivuta pumzi puani huku mashavu yakisukuma hewa, sauti isikatike hata mara moja. Akina mama walipagawa.

"Mjomba, lipi zuri?" nilimwuliza mjomba wangu.

"Hilo la Mombasa linang'aa, lakini hukatika pumzi."

Alilionea. Vitufe vyake vitatu, vilivyolipa sauti nyingi, vilibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo tarumbeta la kawaida lilikuwa na sauti chache, zaidi za kuamrisha askari kuliko kumbembeleza mtu. Pwani lilikuja na wanajeshi na wamisheni, kisha vijana wa ngoma ya beni wa Mombasa wakalinyakua, wakashindana nalo mitaani kwa gwaride na sare. Nzumari nayo ililetwa na bahari, ila mjomba hakutaka kulisikia hilo.

Kilicholiondoa tarumbeta huku kwetu hakikuwa nzumari. Hoteli za watalii za Diani ziliongezeka, na bendi ya Them Mushrooms ilipotoa wimbo wa "Jambo Bwana" mwaka 1982, kila meneja alitaka bendi ndogo ya namna ile, magitaa na kinanda cha umeme. Kijana mmoja alibonyeza swichi, yakalia matarumbeta matatu ya uongo, na hayo hayadai nauli wala chakula cha usiku. Wapulizaji niliowajua walivuka feri ya Likoni kwenda kupiga chakacha kwenye harusi za Mombasa. Huko walilipwa, na walituzwa juu yake.