Diski Iliyohamia Bungoma

Ukiendesha saiba Kitale kwa miaka mingi, mashine yako hujaa maisha ya watu usiowajua vizuri. Mtu huja Alhamisi jioni na karatasi zilizokunjwa mara nne, akaketi kwenye stuli kando yako na kuanza kukusomea: marehemu alizaliwa wapi, alisomea shule gani, alioa lini, ameacha wajukuu wangapi. Katikati ya orodha ya watoto sauti humkatika. Unangoja. Kisha mnaendelea, maana mazishi ni Jumamosi na karatasi za ibada lazima ziwe tayari kesho. Mwingine anataka barua ya kuomba basari, mwingine nakala ya kitambulisho mbele na nyuma, mwalimu amekuja na mtihani wa muhula alioandika kwa mkono. Wote huondoka na karatasi zao. Faili hubaki.

Kwa hiyo nilipoamua kufunga duka na kurudi Bungoma kuwa karibu na mama, jambo la kompyuta lilinikosesha usingizi kuliko kodi na samani. Mashine yenyewe ilikuwa imechoka. Ukiondoa kifuniko uliona vile vikopo vidogo vya mathabodi vimevimba vichwa, vingine vimetoa ute wa kahawia uliokauka. Mnunuzi wa vitu vikuukuu alikuwa tayari kuichukua nzima kama ilivyo. Majirani wa duka walinishauri nifute faili, nimwage pipa la takataka la kwenye skrini, nipokee hela zangu.

Nilikataa, na ningekataa hata leo. Kufuta faili kwenye diski ya namna ile hakuondoi kitu papo hapo. Kompyuta hulitoa jina la faili kwenye orodha yake na kuhesabu ile nafasi kuwa iko wazi, basi. Maandishi yenyewe hukaa palepale kwenye sahani ya sumaku mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuyafufua zinapatikana bure. Mashine inayouzwa na diski yake ndani huuzwa na vitambulisho, namba za simu na majina ya watoto wa watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, nayo haimruhusu anayehifadhi taarifa za mtu kukaa nazo kupita haja iliyomfanya azichukue. Wengi huidhania ni sheria ya mabenki na kampuni za simu. Mimi naona inatugusa sana sisi wa saiba, kwa kuwa mkulima wa Kiminini hutuachia nakala ya kitambulisho chake bila hata kuuliza itakaa wapi.

Basi nikaifungua mashine kwa bisibisi, nikaitoa diski peke yake, nikaitia katika mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, nikaifunga kwa leso na kuipakata kwenye matatu. Kiminini, Kamukuywa, Webuye, Bungoma. Watu hudhani diski imezibwa pande zote, kumbe nyingi zina tundu dogo la kupumulia, na kando yake pameandikwa onyo kwamba lisizibwe. Hewa hiyo ndiyo inayokishikilia kichwa cha kusomea juu ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita. Hewa ikiwa nyepesi mno kichwa hukosa cha kukibeba, ndiyo maana watengenezaji wengi huweka kikomo cha kama mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Kitale, iliyo karibu mita 1,900, haina neno. Lakini diski hiyohiyo ukiipandisha kilele cha Mlima Elgon, mita 4,321, ukaiwasha huko, unaitafutia kifo.

Ikiwa imezimwa, kichwa huegeshwa pembeni, mbali na mahali penye data, na diski huhimili mtikisiko mkubwa kuliko ingekuwa kazini. Hilo lilinituliza barabarani, na lilinithibitishia jambo nililokuwa nimelifanya kwa hisia tu. Wateja walinisihi nichape kazi zao Kitale hadi siku ya mwisho, na jamaa wa Bungoma walitaka nifungue siku inayofuata. Sikukubali. Nilifunga, nikakaa bila kazi kwa muda, ndipo nikahama. Nimeona watu waliovunjika kwa sababu walihamishwa wakiwa bado wanazunguka kwa kasi yao ya kila siku: mwalimu anayestaafu Ijumaa na kuanza duka Jumatatu, mjane anayeondolewa nyumbani kwake kabla hajamaliza kulia.

Mashine mpya aliiunda kijana wa kaka yangu. Vipuri viliagizwa Nairobi, barabara ya Luthuli, vikaja kwa basi: kasha, mathabodi, kumbukumbu na diski ndogo ya SSD. Aliisukuma diski yangu ndani ya kasha, akaifunga kwa skrubu nne, akachomeka waya mwembamba wa data na ule mpana wa umeme, akawasha. Akaangalia skrini muda mrefu.

"Senge," akaniita, yaani shangazi, "mashine inaiona diski. Ila haitaki kuwaka nayo."

Alinieleza taratibu. Diski ilikuwa imegawanywa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR, na mathabodi hii mpya huamka kwa UEFI peke yake, inayotaka mtindo wa GPT. Kulikuwa na njia ya kuigeuza. Hata hivyo Windows iliyokuwa ndani ilikuwa imezoea mwili wa zamani: draiva zake, yaani programu za kuongozea vipuri, zilikuwa za mathabodi ile, na leseni yake ilifungwa kwa mathabodi ileile. Ingeweza kuwaka, ingeweza pia kukuletea skrini ya buluu siku una foleni ya watu. "Tunaweza kuilazimisha, senge," akasema, "lakini mimi ningeweka mfumo mpya kwenye SSD, hii ikae ya pili, iwe ghala." Nikamwambia afanye hivyo.

Ushauri wake umenikaa sana kichwani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekuja Bungoma na mfumo wangu mzima wa Kitale: saa za kufungua, bei, namna ya kupanga viti, hata namna ya kumjibu mteja. Vitu hivyo vilinifaa kule, nikaviita tabia yangu. Kumbe vilikuwa draiva za mahali. Bungoma watu huja asubuhi mapema wakielekea sokoni, hawaketi, hawataki stuli. Kazi niliyokuwa nayo moyoni ilihamishika. Mazoea niliyafungua upya, moja baada ya jingine, na mengine nimeyaacha.

Kisha ghala likakataa kufunguka. Nilibonyeza folda yangu mwenyewe nikaambiwa sina ruhusa. Nilikuwa nimetumia jina lilelile la akaunti, lakini Windows haimtambui mtu kwa jina, humtambua kwa namba ndefu ambayo akaunti hupewa siku inapofunguliwa. Kwa mashine hii mimi nilikuwa mtu mwingine mwenye jina linalofanana. Ilibidi kuomba umiliki upya, na kompyuta ikapita faili kwa faili ikibadilisha mmiliki, kazi iliyomaliza mchana mzima. Nilikaa nikiitazama. Mimi ni mzaliwa wa hapa, jina la baba linajulikana, na bado siku za kwanza watu walisimama mlangoni wakinichungulia, wakapeleka kitambulisho kwa jirani wanayemjua. Iliniuma. Nilipoiona ile mashine ikidai nithibitishe upya, kwa kila faili, nikaacha kuwalaumu. Wakati nimekuwa mbali, walioniamini walikuwa Kitale.

Ghala lilipofunguka, nikawaza jinsi ya kulitunza. Kitale kuna jumba la makumbusho ambalo kila mtoto wa shule wa eneo lile ameletwa kulitembelea. Mkusanyo wake wa mwanzo, wadudu, wanyama na vitabu, ulikuwa wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mzungu aliyeukusanya tangu 1894. Alipofariki 1966 aliuacha kwa nchi ya Kenya, na jumba jipya likafunguliwa Desemba 1974. Kinachonivutia katika habari hiyo ni kwamba pamoja na vitu aliacha fedha za kujengea jumba. Kumwachia mtu kumbukumbu bila gharama ya kuitunza ni kumtwisha mzigo, na mzigo huishia kwenye kona ya stoo. Diski inayozunguka itakufa siku moja, iwe kwangu au kwa mwingine. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya mapato ya Bungoma ilinunua diski ya nje ya kuweka nakala, nayo inakaa kwa mama, mbali na duka, moto au wizi ukitokea.

Nilichokinakili ni wasifu wa marehemu. Vitambulisho, fomu na barua za basari sikuvinakili; viliondolewa, kisha nafasi zake zikaandikwa juu upya kwa programu ya kazi hiyo. Mitihani nimewarudishia walimu kwa flashi. Lakini wasifu siwezi. Sisi Wabukusu tuna kumuse: mzee wa heshima akishazikwa, mtu wa ukoo wenye kazi hiyo husimama mbele ya waombolezaji akasimulia tulikotoka, tulikopita na vita tulivyopigana, akaonya, akashauri. Historia ya vita vya Chetambe vya 1895, pale juu ya Webuye, ilihamia vichwa vya wajukuu kwa midomo ya wazee. Ila kumuse hafanyiwi kila mtu. Mama muuza mboga aliyezikwa Saboti hana msimulizi. Ana ukurasa mmoja na nusu niliouchapa nikiwa nimekaa karibu na bintiye, na huenda nakala zote za karatasi zimeshaliwa na mchwa.

Sasa jioni, wateja wakipungua, nawapigia simu jamaa waliokuja na zile karatasi zilizokunjwa, nikiuliza kama wanautaka wasifu wa mtu wao. Wengine hunyamaza kwanza, kisha huomba niutume kwa simu ya kijana wa nyumbani. Mmoja alinitaka niufute, nikaufuta akiwa bado kwenye laini. Namba nyingi za Endebess na Kwanza hazipatikani tena. Dada aliyechukua chumba changu Kitale amekubali kubandika tangazo mlangoni lenye namba yangu, na mwezi ujao nitapanda mwenyewe kuwauliza makanisani.