Paka wa Bwera Hakuvuka Mto

Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera huanza safari yake katika mji wa joto ambao jina lake lilienezwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Upande wa kulia husimama milima ya Rwenzori, yenye kilele cha meta 5,109, nayo aghalabu hujifunika mawingu kama mtu asiyependa kutazamwa.

Barabara hushuka kusini kupitia Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Upande wa kushoto, karibu na Ziwa George, kipo kijiji cha Hamukungu. Huko, mwezi wa Aprili 2018, simba 11, majike watatu na watoto wanane, walikufa kwa sumu, na habari zao zikaenea ulimwenguni. Simba na paka ni jamaa moja. Lakini paka akifa kwa sumu hapana gazeti limtajalo. Hulizwa na watoto tu.

Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, barabara ya Bwera hugeuka magharibi. Kidogo kidogo nyika huisha, na mahali pake huonekana migomba, kahawa na nyumba zilizosongamana vilimani. Mbele kidogo ni Mpondwe na daraja la mto Lhubiriha. Ng'ambo yake ni Kongo. Siku za soko watu huvuka kwa wingi na mizigo yao, na Kiswahili cha pande zote mbili husikika.

Nyumba moja ya Bwera niliyokaribishwa ilikuwa na ghala ya mahindi, mabinti wawili na paka. Wasomaji wajue kwamba Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpango wa kuzaliwa. Binti wa kwanza huitwa Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Kwa kuwa wa tatu hakuwapo, mabinti wale walimwita paka wao Kabugho. Bibi yao alikataa, akasema jina la mtu halivikwi mnyama. Lakini jioni paka alipochelewa, yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mlangoni kuliita jina hilo.

Panya walipozidi ghalani, sumu ilinunuliwa sokoni. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Panya aliyeila hafi papo hapo; hutembea siku kadhaa akilegea, na panya mlegevu ndiye wa kwanza kukamatwa na paka. Hivyo ndivyo mlinzi wa ghala alivyouawa na dawa iliyonunuliwa kumsaidia.

Mzee mmoja wa jirani, kwa huruma, aliwaambia watoto kwamba paka amevuka kwenda Kongo. Mahali pengine uongo huo ungekuwa mzaha. Mpakani ni neno la kusadikika, maana kila mtu avukaye hutazamiwa kurudi. Basi mabinti wakawa wakitoka shule hukaa karibu na daraja, wakitazama vikapu vya wanawake wanaorejea. Siku ya tatu Bibi aliwafuata. Akasema, "Wajukuu zangu, Kabugho hakuvuka. Amekufa. Njooni niwaonyeshe alipolala." Walilia sana, kisha wakala chakula chao cha jioni, jambo ambalo hawakulifanya vema tangu paka alipotoweka.

Watu wa kale wa Misri, kama alivyoandika Herodotus, walinyoa nyusi paka wa nyumbani alipokufa. Maji ya Lhubiriha huingia Ziwa Edward, yakapita Semliki na Ziwa Albert, kisha hufuata Naili hadi nchi hiyo ya Misri. Sisi hatunyoi nyusi, wala mila haitudai matanga ya mnyama. Hata hivyo mtoto aliyelala na paka miguuni ana haki ya kujua mwisho wake na kumuaga.

Akina mama na akina baba, haya yafaa kukumbukwa. Penye paka, tumieni mitego, na nafaka iwekwe katika mapipa yenye vifuniko. Ikiwa sumu haikuepukika, okoteni mizoga ya panya kila asubuhi bila kuigusa kwa mikono mitupu, mkaifukie. Paka akifa, msimtupe kando ya njia, kwani mbwa naye aweza kumla akafa. Mchimbieni shimo refu mbali na kisima, na watoto waitwe kuweka udongo. Wakiuliza amekwenda wapi, waambieni neno lenyewe, amekufa. Mtoto akiambiwa kweli hulia akanyamaza. Akidanganywa, hukaa darajani akingoja.